Kezia Aliyezaliwa Penye Jiwe la Ubatizo

JESHI LA POLISI TANZANIA
WILAYA YA NGARA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Domisiana Matiasi
Umri: Miaka 52
Kabila: Mhangaza
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mkulima, pia mtunzaji wa kanisa la kigango
Makazi: Kitongoji cha Mugatoma, kata ya Bukiriro
Tarehe na saa: 19/12/1996, kuanzia saa 3:20 asubuhi
Mwandishi: Sajenti Muksini Anuar
Kuhusu: Uraia wa Kezia Matiasi, aliyezuiliwa Benaco tarehe 16/12/1996

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa na Sajenti Muksini kwamba kusema uongo mbele ya polisi ni kosa na naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nimemwomba aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno. Kiswahili changu ni cha sokoni na kanisani, lakini kwa kusema kweli kinatosha. Kusoma sijui. Nimekuja na mjukuu wangu Derick, ana miezi minane, yuko mgongoni. Akilia nitasimama nimbembeleze, halafu tutaendelea. Mama yake, Kezia, mnaye ninyi, chumba cha pili, na tangu Jumatatu mtoto anakunywa maziwa ya ng'ombe na kuyatapika.

Mnamo Jumatatu tarehe 16/12/1996, saa kumi na mbili asubuhi, binti yangu Kezia aliondoka nyumbani kwenda Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi, kununua mafuta ya kupikia. Watu wa kambini walikuwa wanauza kila kitu haraka haraka, maana Serikali imesema wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla mwezi haujaisha. Nilimkataza. Nilimwambia, "Kezia, barabara imejaa watu kama siafu, watakuzoa." Akacheka. Akasema, "Mama nawe! Mimi ni Mhangaza, nani atanizoa?" Alimnyonyesha Derick, akaniachia, akaenda.

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, alikuja kwetu Mwanaisha, mwenye duka la nguo pale njia panda. Alikuwa amevua viatu na kuvishika mkononi. Alisema askari walikuwa wanatenga wakimbizi na wenyeji, na Kezia alikutwa ana dumu la mafuta ya msaada na shitingi ya bluu, turubai la wakimbizi, amejikinga nayo mvua. Aliulizwa kwao wapi, naye kwa woga akajibu Kihangaza. Sasa askari aliyetoka mbali atajuaje Kihangaza na Kinyarwanda? Kwake ni kitu kimoja. Wakampandisha kwenye lori la kwenda Rusumo, penye daraja la kuvukia Rwanda. Mwanaisha alipiga kelele mpaka sauti ikakauka kwamba huyu ni mteja wake tangu yuko msichana, ndipo wakamshusha na kumleta hapa kituoni ili ithibitishwe. Mungu amlipe Mwanaisha.

Jumanne tarehe 17 mume wangu Matiasi alileta cheti cha ubatizo. Cheti kinasema Kezia, binti wa Matiasi na Domisiana, alizaliwa tarehe 3 Mei 1972, akabatizwa tarehe 14 Mei 1972. Mume wangu aliandikisha maelezo kwamba ndivyo ilivyo. Askari wa zamu akasema vyeti siku hizi vimekuwa vingi kuliko watu, atauliza kwanza kwenye kitabu kikubwa cha misheni.

Leo asubuhi tumekuta kitabu kimeshafika. Sista Restituta amekileta mwenyewe, amekifunga kwa khanga, amekipakata, na hataki mtu mwingine akiguse. Sajenti akaomba afunuliwe ukurasa wa mwaka 1972. Akaliona jina. Kisha akanigeuzia kitabu, akaweka kidole. Mimi kusoma sijui, lakini msalaba naujua. Kando ya jina palikuwa na msalaba mdogo wa wino na tarehe.

Sajenti akaniuliza, "Mama, Kezia wa kitabuni alifariki tarehe 25 Mei 1972. Huyu niliye naye humo ndani ni nani?"

Nilishika meza. Nasema wazi, nilitaka kudanganya. Njia nzima kutoka nyumbani Matiasi alikuwa ananiambia, "Wakiuona huo msalaba wewe sema padri alikosea. Padri mwenyewe marehemu, nani atamuuliza?" Lakini Sajenti ameniambia lori lingine linaondoka leo saa saba mchana na jina la Kezia limo kwenye orodha. Uongo wa namna hiyo hautafika hata saa tano. Ataitwa jirani mmoja, atababaika, basi, binti yangu atavushwa daraja. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nitasema yote, na nitaanza na jiwe.

Sajenti amesema niende moja kwa moja kwenye jambo linalohusika. Nimemjibu, "Baba, hilo ndilo linalohusika." Yeye ni Mwislamu, wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani, simlaumu kwa kutojua jiwe la ubatizo ni kitu gani. Amecheka kidogo, akasema, "Haya mama, nifundishe, lakini uangalie saa." Basi namfundisha.

Kanisa letu la Mugatoma lilijengwa mwaka 1936, la miti na udongo na nyasi. Hayo niliyasikia kwa bibi yangu mzaa mama, marehemu Ernesta, aliyekuwepo. Padri Mzungu aliyekuwa anakuja kwa baiskeli alitaka jiwe lenye shimo la kuwekea maji ya kubatizia. Mafundi walitafuta bondeni kote, wakipata jiwe linapasuka. Babu yangu, ambaye alikuwa anataka sana kuonekana mbele ya Mzungu, akasema, "Kwangu lipo." Akaenda nyumbani, bibi yuko shambani, akabeba jiwe la kusagia.

Kwetu jiwe la kusagia tunaliita urusyo. Halikuwa la babu. Lilikuwa la bibi, na kabla yake la mama yake, na kabla yake la mama wa mama yake. Limesagiwa ulezi na mtama mpaka likaingia ndani kama bakuli. Katika nyumba ya bibi yangu wanawake walijifungulia kando ya jiwe hilo, kwa sababu lilikaa pembeni, penye joto la jiko, na mwanamke aliweza kulishika uchungu ukimzidi. Mtoto akizaliwa pale walisema, "Wa jiwe ni wa nyumba." Hata kama baba yake hajulikani, hakuna aliyeuliza.

Bibi aliporudi na kukuta pengo alilia siku mbili, na hakumpikia babu wiki nzima. Aliwaambia watu kwamba hata kama angetaka kupika, unga angeusagia kwapani? Lakini jiwe lilishachongwa zaidi, limetobolewa tundu la kutolea maji, limekaa juu ya nguzo ya matofali. Mwaka ule ule bibi akabatizwa humo. Mpaka anazeeka alikuwa anasema, "Mimi wamenibatiza kwenye jiwe langu mwenyewe, na hakuna aliyeniomba ruhusa."

Padri akamwonea haya. Akampa ufunguo. Juu ya jiwe pana kifuniko cha mbao chenye kufuli, kwa sababu maji ya ubatizo hubarikiwa mkesha wa Pasaka na hayaachwi wazi, watu wasiyachukue kwa uganga. Basi tangu hapo kuliosha jiwe na kutunza ufunguo ni kazi ya wanawake wa ukoo wetu. Kanisa la matofali lilipojengwa mwaka 1951 jiwe lilihamishiwa humo, na bibi alitembea nyuma ya wabebaji akiwagombeza njia nzima. Macho yake yalipofifia, mwaka 1968, alinikabidhi mimi. Ufunguo huu hapa shingoni. Sajenti ameuona.

Sasa naingia kwenye mambo yangu.

Mimi na Matiasi tulioana mwaka 1964. Nilizaa mara mbili, nikazika mara mbili. Mnamo tarehe 3 Mei 1972 nilizaa mtoto wa kike. Matiasi alimwita Kezia, jina la binti aliyezaliwa kwa Ayubu baada ya misiba yake. Alibatizwa Jumapili tarehe 14 Mei, padri alipokuja kwenye misa ya mwezi. Alhamisi tarehe 25 Mei, saa nne asubuhi, alikufa kwa homa akiwa mikononi mwangu. Alikaa nami siku ishirini na mbili. Katekista wetu, marehemu Telesfori, alipeleka habari misheni kwenye orodha ya vifo vya mwezi. Msalaba ule ni halali. Padri hakukosea, na leo sitamsingizia.

Miezi hiyo hiyo Burundi ilikuwa inawaka. Watu walivuka mto Ruvubu na watoto na mikeka. Serikali ilikuwa inawakusanya na kuwapeleka mbali, upande wa Tabora. Sisi tuliwapa chakula, nao wakapita.

Mnamo Jumamosi tarehe 10 Juni 1972, kama saa nane mchana, nilikuwa peke yangu kanisani naosha jiwe. Ilikuwa siku ya kumi na sita tangu nimzike Kezia. Maziwa yalikuwa bado yananijaa, kifua kinauma, nimejifunga kitambaa. Nikasikia mtu anapumua kwa nguvu mlangoni. Nikageuka. Alikuwa mwanamke kijana, mjamzito, miguu imevimba, nguo yake ina tope mpaka magotini. Alisema kwa Kirundi, nami nilimwelewa kila neno, "Mama, nisitiri, siwezi kufika mbele." Hakungoja nimjibu. Alitambaa mpaka penye jiwe, akashika ile nguzo kwa mikono miwili, akaanza kusukuma.

Nilimwita Telesfori, alikuwa nje anafyeka. Alichungulia, akaona, akakimbia kumwita mkewe Adelfina. Wanaume nao! Adelfina alikuja na wembe na uzi. Kabla hajafika mtoto alikuwa ameshatoka mikononi mwangu, juu ya sakafu ya kanisa. Wa kike. Hakulia. Alikuwa wa buluu, amelegea. Adelfina alikata kitovu, akampiga makofi ya mgongo, akampulizia puani. Kimya. Akaniambia, "Domisiana, huyu anakwenda. Mbatize!"

Sajenti ameniuliza kama mwanamke asiye padri anaruhusiwa kubatiza. Najibu: mtu akiwa anakufa na padri hayupo, Mkristo yeyote anaruhusiwa. Tulifundishwa hivyo. Unamwaga maji kichwani, unataja jina, unasema maneno. Nilifungua kufuli. Ufunguo ulinianguka mara mbili. Nikachota maji kwa kiganja. Hapo ndipo nilipokosea, afande, na kosa hilo nimekaa nalo miaka ishirini na minne. Sikumwuliza mama yake jina. Nilimwaga maji, na kilichotoka mdomoni mwangu ni, "Kezia, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Jina la mtoto wangu. Lilikuwa ndilo jina pekee lililokuwa kichwani mwangu wiki zile. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikachimbua viazi nalo. Likatoka lenyewe.

Mtoto akapiga chafya. Halafu akalia, na kanisa lote likaitika.

Mama yake alikuwa anavuja damu isiyokatika. Tulimwekea nguo, tukamfunga, haikusaidia. Aliniuliza, "Umemwita nani?" Nikasema, "Kezia." Akalirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayejifunza njia. Hakuniambia jina lake mwenyewe, nami kwa ujinga sikumwuliza. Alipoona mtoto anahangaika, na nguo yangu imelowa maziwa kifuani, alinitazama, akasema, "Mpe." Nikampa. Alikufa kabla jua halijazama. Tulimzika Jumapili asubuhi, kaburi la pili upande wa migomba. Mpaka leo ninapalilia.

Nimeulizwa kwa nini sikupeleka taarifa serikalini wala misheni. Najibu kwamba niliogopa. Ningesema ni mtoto wa mkimbizi, angechukuliwa na kupelekwa Tabora, nani angemnyonyesha? Nilimwendea bibi Ernesta, wakati huo haoni kabisa. Nikamweka mtoto magotini pake. Akauliza, "Amezaliwa wapi?" Nikamwambia, "Penye jiwe lako." Akampapasa uso, akasema, "Basi mnaniuliza nini? Wa jiwe ni wa nyumba. Mfunike, kuna baridi." Maneno hayo ndiyo yaliyokata shauri. Matiasi alikuwa amesimama mlangoni, mwanamume mzima, machozi yanamtoka.

Nilimwuliza Telesfori kama tunaweza kubadilisha jina. Akasema mtu hubatizwa mara moja tu. Maji yakishamwagika na jina likishatajwa, hata askofu hawezi kulirudisha. Padri alipokuja Jumapili ya tarehe 18 Juni nilibaki nyumbani, nikasema naumwa. Baadaye alihamishwa, akaja mwingine asiyejua. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Watu wale hawakuwa na shida na mdomo kwenye mambo mengine, Mungu anisamehe, lakini hilo walilifunga.

Mwaka 1983, Kezia alipotaka kupokea Komunyo ya kwanza, alihitaji cheti. Telesfori alifungua daftari la kigango, siyo kitabu hiki cha misheni. Kwenye daftari lake msalaba haukuwepo. Akalikuta jina Kezia, binti wa Matiasi na Domisiana. Akaniangalia, nikamwangalia. Akaandika cheti. Telesfori alifariki mwaka 1989. Kama kuna wa kushtakiwa kwa cheti hicho nimebaki mimi.

Nimeulizwa kama Kezia mwenyewe anajua. Hajui. Sikuwahi kumwambia. Kila mwaka nilisema nitamwambia akimaliza shule. Akamaliza darasa la saba. Nikasema akiolewa. Akaolewa na Minani, ambaye sasa yuko Biharamulo anapasua mbao na habari hizi hazijamfikia. Nikasema akizaa. Amezaa mara mbili. Sikuzaa tena baada yake, afande. Ninaye huyo mmoja.

Mwaka 1994, Aprili na Mei, wakimbizi wa Rwanda walipoingia, walilala kanisani kwetu mpaka juu ya ngazi za altare. Mabenchi saba yakawa kuni. Siku moja nilikuta kifuniko cha jiwe kimevunjwa na watu wanakunywa yale maji ya Pasaka kwa makopo. Nilipiga kelele, niliwaita wapagani, nilichukua ufagio. Kezia ndiye aliyenishika mkono. Alisema, "Mama, acha. Wana kiu tu." Halafu akaenda bondeni na ndoo, akarudi, akajaza jiwe, akaenda tena. Siku nne mfululizo alijaza. Mimi nilikaa nyuma ya kanisa nikalia, na aliponiuliza ninalia nini nikamwambia moshi. Siku ile ningeweza kumwambia. Nilikuwa mwoga.

Nimeulizwa nitathibitishaje kwamba alizaliwa ndani ya kanisa la Mugatoma, na siyo ng'ambo ya mto. Najibu kwamba Adelfina, mjane wa Telesfori, yuko hai, anakaa nyumba ya tatu kutoka kanisani. Yeye ndiye aliyekata kitovu kwa mkono wake. Hakupewa neno lolote na sisi, maana hatukutaka kumtia mzee wa watu kwenye uongo. Mwulizeni peke yake, mimi nisiwepo. Kaburi la mama yake lipo. Sina kingine. Karatasi sina.

Sajenti amesema yeye si hakimu wala mtu wa uhamiaji, hawezi kuniahidi kitu. Nimemwambia simdai ahadi. Ninachosema ni hiki: mtoto huyo hakuvuka mpaka wowote. Aliyevuka ni mama yake. Yeye alianguka kwenye sakafu ya Mugatoma, akalia Mugatoma, akanyonya Mugatoma. Mkimpeleka Rusumo mtampeleka kwa nani? Rwanda hakuna hata mbwa anayemjua. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mwana huyu nimemlea mimi.

Kuhusu maelezo ya mume wangu ya tarehe 17: siyo ya kweli penye tarehe ya kuzaliwa. Yuko hapo nje, amekaa kwenye tofali, amevua kofia. Hakudanganya kwa kuipuuza sheria. Aliogopa. Kama lazima mtu alale ndani, nilale mimi, ila nipewe nafasi ya kumtafutia Derick maziwa yanayokaa tumboni.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho na kuyatenda kwa mikono yangu. Sikulazimishwa wala sikupigwa. Sajenti alinipa kiti na aliniamkia shikamoo.

Nimeambiwa kwamba kwa kuwa sijui kusoma, sheria inataka nisomewe maelezo yote kabla ya kuweka dole gumba. Nina ombi moja. Sitaki nisomewe na Sajenti. Nataka nisomewe na Kezia. Yeye anasoma vizuri, ndiye anayesoma masomo ya misa kanisani kwetu. Habari hii ataipata leo au kesho, kwa polisi au kwa mtu wa barabarani, na mimi nimeshindwa kumwambia kwa mdomo miaka yote hii. Basi aisome, nami niwe mbele yake nisikie. Ninaogopa kuliko nilivyoogopa siku ile penye jiwe. Akifika mwisho akasema mimi si mama yake, sitabishana naye. Nitakuwa nimezika Kezia wa pili. Lakini asiende popote bila kujua.

(Alama ya dole gumba la kulia)
Domisiana Matiasi

MAELEZO YA MWANDISHI

Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa. Kwa ombi lake, saa 5:05 asubuhi nilimtoa Kezia Matiasi chumba cha pili, nikampa karatasi hizi, akaanza kuzisoma kwa sauti mbele ya shahidi, mbele yangu na mbele ya Sista Restituta.

Alipofika penye tarehe 10 Juni 1972 aliishusha karatasi magotini. Ndipo mtoto alilia. Kezia alisimama, akamfungua mgongoni kwa shahidi, akakaa naye kwenye benchi la shahidi, akaendelea kusoma huku ananyonyesha. Alisoma mpaka neno la mwisho. Nilimwuliza shahidi kama ni sahihi, akasema ndiyo, akaweka dole gumba.

Nimemtuma konstebo aende Mugatoma kumhoji Adelfina peke yake. Jina la Kezia Matiasi nimelifuta kwenye orodha ya lori la leo saa saba, jalada liende kwa ofisa uhamiaji wa wilaya. Maelezo ya Matiasi nitayachukua upya.

Sehemu ifuatayo imejazwa na msomaji kwa mkono wake mwenyewe. Sikumwambia aandike nini.

(Sahihi) Sajenti Muksini Anuar
19/12/1996, saa 5:50 asubuhi

Jina la msomaji: Kezia Matiasi
Uhusiano na shahidi: Ni mama yangu.